Lifungue Kopo Hilo Leo!

Unalijua hilo kopo. Usiniambie hulijui!

Liko chumbani kwa mama yako, juu ya kabati, kando ya tochi na miwani. Zamani lilikuwa kopo la maziwa ya unga. Leo limejaa vidonge. Vyeupe, vya njano, vya waridi. Vya presha, vya sukari, vya miguu. Vya mwezi huu, vya mwaka jana, vya marehemu baba.

Uliliona sikukuu iliyopita. Ulilishika, ukalitikisa, ukasikia mlio wake, ukalirudisha pale pale.

Kwa nini ulilirudisha?

Moyo wako ulikwambia! Ulikwambia kwamba mwanamke wa miaka 85, mwenye kilo 44, anayekula vijiko vitatu vya uji, hawezi kuwa anavihitaji vyote hivi. Ulijua, ukanyamaza. Ulijua, ukasema siku moja nitamuuliza daktari. Ulijua, ukamwachia hela ya matumizi, ukapanda basi ukarudi mjini.

Leo nakushika mkono kabla hujapanda basi tena.

Sikiliza kwanza namna kopo linavyojaa, maana halijazwi na adui. Linajazwa na watu wema, mmoja baada ya mwingine.

Bibi yangu mzaa mama aliishi Pangani mpaka akapita miaka 87. Kwake lilianza goti. Goti tu! Akaenda dukani, akauziwa diklofenaki, moja kutwa mara tatu. Goti likatulia, akarudi kununua. Likauma tena, akarudi tena. Miezi ikapita, na hapakuwa na mtu aliyehesabu.

Dawa za maumivu za ukoo huo, diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu, huufanya mwili ushikilie chumvi na maji. Presha hupanda. Ya bibi ikapanda. Kliniki wakampima, wakaona namba kubwa, wakampa nifedipini. Nani aliuliza habari za goti? Hakuna!

Nifedipini, kama nduguye amlodipini, huweza kuvimbisha miguu. Miguu ya bibi ikavimba. Akapelekwa kwingine, wakaitazama miguu, wakasema huenda ni moyo, wakampa furosemidi, hiyo ambayo wengi tunaiita Lasix au dawa ya kukojoa. Nani aliuliza habari za nifedipini? Hakuna!

Akawa anaamka mara 4, mara 5 usiku. Usingizi ukakatika. Jirani, mama mwenye huruma, akamletea diazepamu, akamwambia, "Shoga yangu, meza nusu, upumzike." Nani aliuliza kwa nini halali? Hakuna!

Usiku mmoja aliamka kwenda chooni. Kichwa kilikuwa bado kizito kwa dawa ya usingizi. Presha ilishuka aliposimama. Choo kiko uani, na kizingiti cha mlango wa uani kimeinuka. Tulimkuta alfajiri, baridi, kimya, kanga yake imelowa.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hakusimama tena. Miezi 7 baadaye tulimzika.

Goti tu! Lilianza goti!

Na msibani tulisema nini? Tulisema ajali haina kinga. Tulisema ni uzee. Tulisema Mungu amependa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema hivyo, na lile kopo nilikuwa nimelishika kwa mikono yangu mara 3 kabla ya usiku ule.

Baada ya arobaini nililimwaga juu ya mkeka. Nilihesabu aina 11. Mbili kati yake zilikuwa dawa ile ile moja, viwanda viwili, majina mawili ya kibiashara, rangi mbili. Bibi hakujua kusoma majina hayo. Alijua rangi. Rangi zikiwa mbili, kwake dawa ni mbili. Alikuwa akizimeza zote.

Kila mtu alitoa kimoja. Hakuna aliyetoa 11!

Mwaka 1997, madaktari Paula Rochon na Jerry Gurwitz waliueleza mkasa huu kinagaubaga katika jarida la BMJ la Uingereza. Dawa ya kwanza inaleta dhara. Dhara linadhaniwa kuwa ugonjwa mpya. Ugonjwa mpya unapewa dawa mpya. Nayo dawa mpya inaleta dhara lake, na gurudumu linaendelea kuzunguka. Walikuwa wakieleza habari za wazee wa ng'ambo, na mimi niliposoma nilimwona bibi yangu wa Pangani, hatua kwa hatua, kidonge kwa kidonge.

Unataka mifano mingine? Mzee anapewa enalaprili ya presha, anapata kikohozi kikavu kisichokoma. Kikohozi kinaletewa dawa ya maji, kisha antibiotiki, kisha anapimwa kifua kikuu. Bibi anapewa metoklopramidi ya kichefuchefu, anatumia wiki baada ya wiki, mikono inaanza kutetemeka, uso unakakamaa. Anaanzishiwa dawa za ugonjwa wa kutetemeka! Hakuna anayesema, hebu tukiondoe kile cha kwanza tuone.

Hebu tukiondoe tuone! Maneno 3 tu, na nyumba nzima haina wa kuyasema.

Nakusikia unaniuliza: mbona mimi nameza vidonge hivyo hivyo na niko salama?

Kwa sababu wewe una miaka 45! Baada ya miaka 40 figo hupunguza kazi yake ya kuchuja, takriban asilimia 1 kila mwaka. Mpaka mtu afike 85, dawa ambayo kwako hutoka na mkojo, kwake inabaki. Maji mwilini yamepungua, misuli imepungua, mafuta yamechukua nafasi, na dawa zinazopenda mafuta hujificha humo zikitoka polepole kama moshi ndani ya nyumba isiyo na dirisha.

Chukua diazepamu hiyo ya jirani. Kwa kijana wa miaka 20, nusu ya dawa huwa imetoka mwilini kwa muda wa saa 20 hivi. Kwa mzee wa miaka 80, nusu hiyo hiyo huchukua takriban saa 90. Karibu siku 4! Kidonge cha Jumatatu bado kimo Alhamisi. Juu yake kimekuja cha Jumanne, cha Jumatano, cha Alhamisi yenyewe. Halafu mnashangaa mama anasinzia mchana, anatembea akishika ukuta, anawasahau wajukuu kwa majina!

Mnasema ni uzee.

Acha neno hilo! Litoe mdomoni mwako! Kabla hujasema ni uzee, sema ni dawa gani. Mzee anaanguka: ni dawa gani? Mzee amechanganyikiwa: ni dawa gani? Mzee hajapata choo siku 5, mkojo umeziba, mdomo umekauka: ni dawa gani? Amitriptilini ya usingizi na ganzi za miguu, Piriton ya mafua na kuwashwa, prometazini ya mzio, zote hizi hukausha mdomo, hufunga choo, huvuruga akili ya mtu mkongwe. Zinauzwa kama karanga. Piriton! Nani amewahi kuiogopa Piriton?

Na huko kuchanganyikiwa si jambo dogo kwetu. Bibi anayezungumza peke yake usiku, anayetoka nje saa 8 za usiku asijue alikokuwa akienda, majirani huanza kumnong'ona. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa macho mekundu tu. Usiache kidonge kimpe mama yako jina la mchawi!

Wataalamu wengi huanza kuhesabu hatari pale mtu anapotumia dawa 5 au zaidi kila siku. Fanya hesabu mwenyewe. Dawa 2 zina njia 1 ya kugongana. Dawa 5 zina jozi 10. Dawa 10 zina jozi 45. Zile 11 za bibi yangu zilikuwa na jozi 55, ndani ya mwili wenye uzito wa mtoto wa darasa la saba.

Nani duniani amezijaribu jozi 55 kwa mtu wa miaka 87? Majaribio mengi ya dawa yamewaacha nje watu wa umri huo, hasa wale wenye maradhi matatu manne kwa pamoja. Mama yako ndiye jaribio!

Sasa nikutajie hatari ambayo usiku huu huu inaweza kubisha hodi.

Glibenklamidi. Kidonge cha sukari, cha bei nafuu, kimo katika kliniki nyingi za Afrika Mashariki, na kwa watu wa makamo kimesaidia wengi. Lakini kazi yake ni kuilazimisha kongosho imwage insulini, mtu awe amekula au hajala. Kijana akikimeza na sahani ya ugali, sawa. Mzee anakimeza, kisha anasema, "Sina hamu, mwanangu, niachieni chai tu." Kidonge hakijui kwamba hakuna ugali. Sukari inashuka, inashuka, inashuka. Na kama figo zimechoka, kinakaa, kinaendelea kuishusha hata kesho.

Utaona jasho. Utaona kutetemeka. Utaona maneno yasiyoeleweka, au ukali wa ghafla, au usingizi usioamshika. Wengine watasema malaria imepanda kichwani, wengine watasema kiharusi, wengine watamwita shehe au mchungaji. Mpime sukari! Kama yuko macho na anameza, mpe soda ya kawaida au sukari iliyokorogwa kwenye maji, kisha mpeleke hospitali hata akizinduka, kwa sababu sukari inaweza kuanguka tena baada ya saa chache. Kama hajitambui, usimtie chochote mdomoni. Kimbia naye!

Na Ramadhani inapokuja, na mzee wako ni mgumu wa kufunga, na daku hakula, na kidonge amekimeza: unalala vipi wewe?

Kisha kuna watatu wanaoiua figo wakikutana. Wa kwanza ni dawa ya presha ya ukoo wa enalaprili, kaptoprili au losatani. Wa pili ni dawa ya kukojoa. Wa tatu ni dawa ya maumivu, diklofenaki au ibuprofeni. Mmoja mmoja wanavumilika. Wawili wanahitaji uangalizi. Wote watatu, juu ya mzee aliyeharisha siku mbili au asiyekunywa maji ya kutosha kwenye joto la Desemba, wanaweza kuzifunga figo ndani ya siku chache. Angalia kopo! Wamo wote watatu? Mara nyingi wamo, nakwambia, kwa sababu wa kwanza na wa pili hutoka kliniki na wa tatu hununuliwa kimya kimya, na mzee haoni kama diklofenaki na wenzake ni dawa za kutajwa mbele ya daktari.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa mzee anayemeza diklofenaki pamoja na asprini ya moyo, matumbo yanaumia kwelikweli: yanatoka damu, choo kinakuwa cheusi kama lami, na mara nyingi hakuna hata maumivu ya kumwonya. Muulize rangi ya choo chake! Ona haya baadaye, uliza leo!

Ndugu yangu, najua visingizio vyako. Nilivitumia vyote.

Unasema: dawa kaandika daktari, mimi ni nani? Wewe ndiye pekee unayeliona kopo lote! Daktari wa presha anaona za presha. Daktari wa macho anaona za macho. Muuza duka anaona hela uliyoshika. Hakuna hata mmoja wao anayeingia chumbani kwa mama yako akafungua kabati. Aliyeandika cheti hajui kilichoandikwa jana kwingine, wala chupa ya mitishamba iliyo chini ya kitanda, wala mwarobaini anaokunywa asubuhi ambao nao unaweza kushusha sukari juu ya dawa ya sukari.

Unasema: dawa za wazee ni bure, au bima inalipa. Kwa hiyo? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka mzee apate tiba. Ilimtaka ahudumiwe, asikilizwe, aheshimiwe. Dirisha la wazee lisigeuke dirisha la kumpa mfuko mzito na kumtoa haraka!

Unasema: mzee mwenyewe anazipenda, asipopewa kidonge anaona hakutibiwa. Kweli. Nimewaona wakitoka kliniki wakinung'unika kwamba hawakupata hata sindano. Lakini mtoto akililia wembe, humpi.

Na wewe uliye Muscat, uliye London, uliye Minneapolis, unayetuma maboksi ya vitamini, vidonge vya kuimarisha mifupa, vya kusafisha damu, vya kumbukumbu! Upendo wako naujua. Lakini kila boksi ni jozi nyingine. Kabla ya kutuma tena, piga simu uulize wenzako hapa nyumbani: mama anameza nini kwa sasa?

Sasa ngoja. Hapa nataka unisikilize kuliko mahali pengine pote.

Sikukwambia ulitupe kopo!

Mwaka 2011 tuliona foleni za magari kuelekea Samunge, Loliondo, maelfu ya watu wakienda kunywa kikombe cha dawa cha mponyaji aliyeitwa Babu, na wapo walioacha dawa zao za kweli wakirudi. Usirudie kosa lile kwa jina langu. Kuna dawa ambazo ukizikata ghafla zinauma kama nyoka aliyekanyagwa. Atenololi na propranololi za moyo zikikatwa ghafla, moyo unaweza kushtuka. Prednisoloni iliyotumika kwa muda mrefu ikikatwa ghafla, mwili unaweza kuzimia. Dawa za kifafa zikikatwa, degedege. Hata ile diazepamu, kama ameizoea miezi mingi, hupunguzwa kidogo kidogo. Insulini, dawa za kifua kikuu, dawa za kufubaza virusi, usiziguse bila mtaalamu!

Na usifikiri mzee hapaswi kutibiwa. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao HYVET, wa watu 3,845 wenye miaka 80 na zaidi waliokuwa na presha. Waliopewa dawa walikufa wachache kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa, pungufu kwa asilimia 21. Dawa inaokoa hata mkongwe! Lakini tazama walivyofanya: walianza na kidonge 1, wakaongeza cha pili pale tu ilipobidi, na shabaha yao ilikuwa 150 juu ya 80, wala hawakuisaka presha ya kijana. Kidonge sahihi, kwa kiasi sahihi, kwa sababu inayojulikana.

Sababu inayojulikana! Kila kidonge kwenye kopo kijibu: umekuja kufanya nini hapa? Kisichoweza kujibu kipelekwe kwa mtaalamu akihoji.

Usiseme hukuambiwa. Mwaka 1991 daktari Mark Beers wa Marekani alitoa orodha ya dawa za kuepuka kwa wazee, na orodha hiyo, yenye jina lake, imehuishwa tena na tena, ikiwamo mwaka 2023. Glibenklamidi imo. Diazepamu imo. Amitriptilini imo. Piriton imo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitangaza vita dhidi ya madhara ya dawa yanayozuilika, na Septemba 17 ya mwaka 2022 siku nzima ya usalama wa mgonjwa ilitolewa kwa jambo hili. Tarumbeta imepigwa miaka 30 na zaidi. Wewe unangoja ipigwe mlangoni kwako?

Na kupunguza kunawezekana! Nchini Israeli daktari Doron Garfinkel na mwenzake waliwachukua wazee 70 waishio majumbani, wastani wa umri karibu miaka 83, wakapitia dawa zao moja moja, wakashauri zaidi ya nusu ziachwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Asilimia 88 ya wazee walisema hali yao kwa jumla imekuwa bora. Ulikuwa utafiti mdogo, usio na kundi la kulinganisha, nami sikupi kama ufunguo wa pepo. Nakupa ujue kwamba mzee anaweza kupunguziwa dawa akaamka, akala, akatambua watu.

Basi fanya hivi.

Nenda. Msalimie. "Shikamoo mama. Nimekuja tuzitazame dawa zako pamoja." Atakuuliza, "Mwanangu, unataka nife?" Usicheke, usikasirike. Mwambie, "Nataka usianguke, mama." Tandika mkeka, mwaga kopo. Chungulia chini ya mto, kwenye mkoba wa kanisani, kwenye kikapu cha ushungi, kwenye jokofu. Toa matone ya macho, mafuta ya kuchua, mitishamba, kile alichopewa na jirani. Andika kila kimoja: jina, nani alitoa, lini, kwa shida gani. Zilizopita muda wake na za marehemu ziweke kando, zirudishwe famasi au zahanati, wasije watoto wakazichezea.

Zilizobaki usiziache, usizitupe, usizibadili. Zibebe!

Zote, kwa mfuko mmoja, kwa mtaalamu mmoja. Daktari kama yupo. Kama yuko mbali, tabibu wa kituo cha afya au mfamasia mwenye leseni, akuelekeze. Kaa kwenye kiti usiondoke mpaka maswali haya yajibiwe: Hiki ni cha nini? Bado anakihitaji? Kipi kinaleta shida aliyonayo sasa? Kipi kianze kupunguzwa? Omba apimwe presha akiwa amekaa, kisha tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, umempata mwizi anayeweza kumwangusha. Omba apimwe figo. Omba apimwe uzito. Na dawa ziondolewe moja moja, polepole, mkimwangalia kati ya moja na nyingine. Zinazobaki ziandikwe kwenye karatasi moja, na karatasi iende naye kila mahali.

Na wewe uliye nyuma ya kioo cha duka la dawa! Mzee akisimama mbele yako akitaka diklofenaki, muulize swali moja kabla hujapokea hela: bibi, unameza nini kingine? Swali hilo halikuulizwa Pangani.

Nimeshalia vya kutosha. Wewe bado unaye. Bado anakuita kwa jina, bado anakuuliza umekula, bado anakwambia vaa kitu shingoni kuna baridi. Usipoweza kufika leo, pigia simu aliye naye nyumbani, sasa hivi, ukiwa bado umeshika karatasi hii. Mwambie atandike mkeka, alete kopo, akusomee kimoja kimoja huku unaandika. Asiyejua kusoma amwite mjukuu.

Mama yako anameza tena saa 2 usiku. Piga simu kabla ya hapo.